Aliyepumua Kiti cha Nyuma

Msimu wa baridi gari huamka limelowa umande nje. Hilo mshonaji alilizoea. Lakini asubuhi ile nje vioo vilikuwa vikavu. Ukungu ulikuwa ndani, kwenye dirisha moja la nyuma, duara la upana wa sahani, kana kwamba mtu alilala humo ameegemeza mdomo kiooni.

Aliufuta kwa kitambaa, akamfungulia mlango mama mkwe wake. Mumewe alikuwa mbali kikazi, hivyo safari za kumpeleka bibi huyo hospitali kusafishwa damu zilimwangukia yeye, na wawili hao walikuwa paka na panya. Kiti cha mbele mama mkwe alikikataa katakata.

"Ukungu huu ni wako," alisema akijifunika shali. "Unahema kama mvukuto."

"Mimi niko mbele, mama. Ukungu uko huko kwako."

"Basi niache kupumua, ufurahi."

 Mshonaji aliwasha hewa ya moto pamoja na kiyoyozi, akashusha dirisha upana wa kidole. Kioo cha mbele kikatakata. Cha nyuma, ng'o. Jioni akaanika mazulia, akavipaka vioo vyote sabuni kwa ndani na kuvisugua kwa kitambaa kikavu mpaka vikalia. Kesho yake duara lilikuwa palepale, na gari lilinuka nywele zilizolowa kisha zikachomwa.

Siku hiyo, wakiwa wamekwama kwenye foleni, mshonaji alitupa jicho kwenye kioo cha juu akaona ukungu wa dirisha la kushoto ukija na kuondoka, ukija na kuondoka, kwa mwendo wa mtu aliyelala usingizi, ilhali mama mkwe alikuwa kulia kabisa, midomo ameifumba, macho yamemtoka pima, na kiti kitupu kilichokuwa kando yake kilikuwa kimebonyea, na kila ukungu ulipokuja ule mbonyeo ulisogea kidogo, ukamkaribia.

"Mwanangu," mama mkwe alinong'ona, yeye ambaye siku zote alimwita 'wewe' tu. "Nimekaa na nani huku?"

"Usigeuke, mama. Nasimama."

"Ananipumulia shingoni. Baridi."

Mshonaji alipandisha gari kwenye ukingo wa barabara, akamtoa bibi mzimamzima.

Alasiri hiyohiyo alimleta mganga, mama mnene asiye na mzaha. Aliagiza milango yote iachwe wazi, akafukiza ubani hadi moshi ukajaa garini.

"Huyu anatafuta joto la mtu," alisema. Kisha akaligeukia gari. "Toka. Hapa si kwako."

Vioo vyote vikajaa ukungu kwa mkupuo, na kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti ndogo, yenye majimaji, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, ikisema, "Natoka. Nimeuona mlango."

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama kando, mdomo wazi kwa hofu, akapaliwa, akakohoa mara moja. Vioo vikatakata.

"Amekwenda," mganga alisema, akakusanya vyake.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa baridi ya kuuma mifupa. Mama mkwe alitoka mwenyewe, akaketi kiti cha mbele, akatabasamu. Mshonaji alifarijika hata machozi yakamlenga. Hawakuwa wamefika hata mwisho wa mtaa, kioo cha mbele kikaanza kufifia. Lakini kilififia upande wake tu. Mbele ya mama mkwe kilibaki kikavu, king'avu, bila hata chembe ya mvuke.

Alisimamisha gari. 

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hebu kipulizie kioo hicho."

Bibi aliinama, akaupanua mdomo kuliko mdomo wa mtu unavyofunguka, akapuliza kwa muda mrefu, mrefu mno kwa mapafu ya mgonjwa, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa gari zima. Kioo hakikushika kitu.

Akaegemea kiti, akafunga mkanda.

"Endesha," alisema, akijipapasa kifua. "Humu ndani kuna joto."