Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Kila alipotoka shule, binti wa fundi cherehani alivua viatu mlangoni, akatundika futi shingoni na kuanza kupima wateja. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Futi. Yeye alipima na kuandika kwenye daftari. Mama yake alikata na kushona huku akiimba kwa sauti ya puani.

Lakini sasa ilikuwa wiki ya tatu mama haimbi. Alilala mapema, akaamka amechoka. Chai yake ilipoa pembeni ya cherehani mpaka ikafanya utando. Juzi bobini ya uzi ilianguka tu, akafoka kama nyumba inaungua, kisha akajifunika uso akalia.

Futi aliyaona yote, na moyo ulimsuta. Mama alikuwa amemwambia wazi: "Mwanangu, mwezi huu nimeelemewa. Usinipokelee kazi nyingine." Lakini mwalimu wa kwaya alipouliza nani anamjua fundi wa kushona majoho ya mashindano, Futi alinyoosha kidole kabla hajafikiri.

"Mama yangu, mwalimu! Majoho kumi na mawili kwake ni mchezo. Mama yangu hachoki!"

Wenzake wakampigia makofi. Nyumbani akasema, "Mwalimu amekuomba sana, mama. Hamtaki fundi mwingine." Uongo mtupu. Mama alishusha pumzi, akapokea kitambaa.

Siku mbili kabla ya mashindano, Futi alimkuta mama ameketi, mkasi mapajani. Mezani palikuwa na rundo la mikono ya majoho iliyokwisha kukatwa. Futi akaokota mmoja, akalinganisha na wa pili, akapekua rundo zima.

"Mama... hii yote ni ya kushoto."

Siku zote mama hukunja kitambaa katikati kabla ya kukata, ili kila mkono wa kushoto upate mwenzake wa kulia. Safari hii hakukunja. Futi alingoja ashtuke. Mama akalitazama rundo kama la mtu baki.

"Basi na iwe ya kushoto," akasema.

Hapo Futi akaogopa kweli. Akatoka mbio kumwita mama mdogo, muuguzi, aliyekaa nyumba ya tatu. Mama mdogo akaja na sare zake za kazi, akakaa karibu na dada yake, akamuuliza hali.

"Nalala, lakini naamka kama sikulala," mama alisema. "Na kazi hii niliyoipenda, siku hizi nikiiona cherehani natamani kulia. Nimekuwa mvivu, mdogo wangu."

"Uvivu gani, dada? Umejichosha mpaka ukapitiliza. Uchovu wa kawaida ukilala unaisha. Huu unaamka nao. Kesho twende kliniki wakupime, na cherehani ifunikwe."

"Na majoho? Mwalimu aliniomba mimi..."

"Hakukuomba!" Futi akapasuka kilio. "Nilikutaja mimi mwenyewe, nikakudanganya. Nisamehe, mama."

Mama akageuzia uso ukutani. Hilo lilimuuma Futi kuliko fimbo.

"Kesho utamwambia mwalimu kwa mdomo wako," mama mdogo alisema.

Kesho yake Futi alisimama mbele ya kwaya na mkono mmoja wa joho. Msichana waliyemwita Redio akadakia, "Kwani si ulisema mama yako hachoki?" Wote wakacheka.

"Anachoka," Futi alisema. "Nilidanganya."

Mwalimu akauchukua ule mkono, akautazama. "Ungesema mapema ningetafuta njia nyingine. Lakini umesema. Tutavaa sare za shule. Majaji watasikiliza koo zenu." Wakashika nafasi ya tatu, na hakuna aliyeulizia majoho.

Mama hakupona mara moja. Wiki mbili za kupumzika alizopewa kliniki zikawa tano. Alitembea jioni na mdogo wake, akaanza na vifungo tu, kisha kazi moja moja, na saa kumi alasiri cherehani ilifunikwa.

Siku moja jirani alileta kitambaa. "Futi, mama yako anishonee mapazia kufikia Jumamosi."

"Ngoja nimuulize."

"Jumamosi siwezi, shoga," mama alijibu kutoka ndani. "Wiki ijayo." Jirani akakubali, akaenda zake.

Mama akamvuta Futi karibu. "Nilidhani nikisema siwezi, watu watanikimbia. Mwili ukanipigia kelele, nikajifanya kiziwi. Hilo ni kosa langu. Wewe, usiahidi nguvu za mtu kabla hajakubali mwenyewe. Na ukiona nimeacha kuimba, niulize."

Kisha akakunja kitambaa cha kazi ya siku ile katikati, akashika mkasi. Futi akatega sikio. Sauti ya puani ilianza, ndogo, lakini ilikuwepo.