Namba za Siku ya Ukungu

Kila asubuhi Bernadina Tluway aliamka kabla ya wadogo zake, akawasha moto, akabandika sufuria ya chai, kisha akambeba mdogo wake Bura mgongoni ili mama yao apate kukamua ng'ombe. Bura alikuwa na miezi tisa na mkono mwepesi wa kuvuta nywele za watu. Bernadina alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili, na kwa mihula mitatu mfululizo hakuna aliyempita katika Fizikia. Jambo hilo alilijua, na wenzake walijua kwamba analijua.

Juni hiyo Mwalimu Qamara, mwalimu wao wa Fizikia, alitangaza jaribio ambalo halikuwa na karatasi ya maswali. Kila mwanafunzi alipangiwa mahali palipofungwa umeme wa jua. Alitakiwa aende kila jioni kwa siku tano, Jumapili hadi Alhamisi, asome kwenye kifaa paneli zimezalisha uniti ngapi siku hiyo na vyombo vimetumia ngapi. Ijumaa angesimama mbele ya darasa na jedwali lake, ahojiwe. Alama zilikuwa thelathini.

"Msiache siku hata moja," Mwalimu Qamara aliwaonya. "Kile kifaa usiku kinajifuta na kuanza upya. Namba ya leo usipoisoma leo, huipati tena."

Tena mwalimu huyo alikuwa na swali lake moja ambalo hakuna aliyelikwepa. Ulete uzito wa jiwe au urefu wa kivuli, atakutazama juu ya miwani na kuuliza, "Uliona, au ulidhani?"

Bernadina alipangiwa zahanati ya kijiji, ng'ambo ya bonde, mwendo wa karibu saa nzima kutoka kwao. Hakulalamika. Zahanati ilikuwa na paneli mbili mpya, na alijua jedwali lake litakuwa na mambo mengi kuliko la Vicent, aliyepangiwa kipaneli kimoja cha nyumba ya katekista. Vicent ndiye aliyekuwa wa pili darasani, na alikuwa anakaribia.

Jumatatu jioni alimkuta Nesi Philomena akifuta kioo cha dirisha.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kitu." Nesi alimwonyesha majokofu mawili yaliyosimama bega kwa bega. La zamani lilikuwa la gesi. Jipya lilikuwa la umeme, na ndani yake mlikuwa na chupa za maji tu, kwa majaribio. "Mtungi wa gesi unakaribia kwisha. Kesho ninakwenda Mbulu kwenye semina, na Ijumaa ninarudi na chanjo za surua za kliniki ya Jumatatu ijayo. Namba zako zikionyesha umeme wa jua unatosha kila siku, chanjo zitaingia kwenye hili jipya. Zikionyesha hautoshi, nitabeba mtungi mwingine. Nitampigia mwalimu wako Ijumaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, nesi."

Alielewa vizuri kabisa. Mama yake alishamwambia kuwa Jumatatu hiyo ndiyo zamu ya Bura kuchomwa sindano ya surua. Bernadina akasoma kifaa: paneli zimezalisha uniti mbili nukta moja, vyombo vimetumia moja nukta mbili. Jumapili ilikuwa mbili kamili, na Jumanne ikawa mbili nukta mbili. Namba zilikuwa nzuri, akaziandika kwa kalamu ya bluu na kuzipigia mstari.

Jumatano ukungu ukashuka.

Watu wa kijiji hicho cha Masieda wanaujua ukungu wa Juni. Unaingia mpaka jikoni, na ng'ombe aliye hatua kumi mbele yako unamsikia kengele tu. Bernadina alitoka shuleni akateremka bondeni, viatu vikivuta tope na vidole vikifa ganzi. Alipofika kwenye kijito akasimama. Ng'ambo hakuiona. Alipofikiria kile kilima kilichobaki, na kurudi gizani, moyo ukamwambia maneno matamu: paneli ni zilezile, jua ni lilelile, namba itakuwa ileile. Akageuka.

Nyumbani alikaa karibu na moto akatafuna mahindi ya kuchoma. Mama yake, Mama Lucia, akamtazama.

"Zahanati umefika?"

"Nimefika, mama."

Usiku kabla ya kulala akafungua daftari na kuandika: Jumatano, mbili kamili. Aliona ni busara kupunguza kidogo. Alhamisi ukungu haukuondoka, na safari hii hakufika hata kwenye kijito. Akaandika moja nukta tisa. Kwa kalamu ileile ya bluu, na mstari chini.

Ijumaa saa nne madirisha ya darasa yalikuwa meupe kwa ukungu kana kwamba mtu amebandika karatasi nje. Vicent aliitwa kwanza. Alisoma jedwali lake kwa sauti ndogo: Jumapili, nukta sita, Jumatatu, nukta sita, Jumanne, nukta sita, Jumatano, nukta moja, Alhamisi, nukta moja.

Darasa likaguna. Konsolata aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, betri ya katekista imezeeka!" Watu wakacheka.

"Betri haizalishi umeme, Konsolata, inautunza tu," alisema Mwalimu Qamara. "Vicent, uliona, au ulidhani?"

"Niliona, Mwalimu. Jumatano nilisoma mara mbili, nikifikiri nimekosea."

Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akaita, "Bernadina."

Bernadina alisimama. Alisoma namba zake tano, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyosikia zinavyopishana na za Vicent. Hakuwa mjinga. Katikati ya neno "Jumatano" alikuwa ameshaelewa alichokifanya: paneli hula mwanga, na mwanga ule siku mbili haukuwapo. Jasho likamtoka kwapani na baridi yote ile.

Mwalimu Qamara aliinua kichwa. "Mbili kamili? Jumatano?" Akageuka akatazama dirisha, kisha akamtazama Bernadina tena. "Hebu ngoja. Zahanati iko juu kileleni. Huenda ukungu hukaa huku chini na kule juu jua linawaka. Ulikuta jua kule, Bernadina?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa mbele yake, na neno la kutokea lilikuwa moja: hapana. Lakini macho arobaini yalikuwa yanamtazama, na ya Vicent yakiwemo.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Kulikuwa na jua."

"Uliona, au ulidhani?"

"Niliona."

"Vizuri sana!" Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. "Mmesikia? Panapofungwa paneli ni muhimu kama paneli zenyewe. Jokofu linatumia nukta nane kwa siku, taa na vyombo vingine nukta nne. Jumla moja nukta mbili. Kinachozalishwa hakijawahi kushuka chini ya moja nukta tisa. Jokofu la chanjo litafanya kazi bila wasiwasi. Alama thelathini kwa thelathini." Akatoa simu mfukoni. "Nesi anasubiri habari hii. Gari linaondoka Mbulu saa tisa."

Akatoka nje. Kupitia dirishani Bernadina alimwona akipotelea kwenye ukungu, akielekea kwenye jiwe la bustani ya shule, mahali pekee ambapo simu hushika mtandao. Vicent alikuwa amejikunyata akizitazama namba zake, akizigusa moja moja kwa ncha ya kalamu kama mtu anayetafuta kosa. Hapakuwa na kosa. Bernadina alimwonea huruma mpaka akashindwa kumtazama.

Saa saba wenzake walikwenda kula makande. Yeye alishika sahani yake bila kula. Akahesabu. Kipaneli cha katekista kilishuka mpaka sehemu moja ya sita. Za zahanati zikishuka hivyohivyo, zingetoa chini ya nukta nne kwa siku, na vyombo vinahitaji moja nukta mbili. Betri ingelipa upungufu siku mbili, labda tatu. Jumatano, Alhamisi, leo. Kisha jokofu lingezimika, chanjo zingepata joto na kuharibika, na mtungi wa gesi ungekuwa mtupu. Hesabu hiyo angeifanya juzi kwenye kijito kama angetaka. Ilikuwa rahisi.

Saa nane na nusu alibisha mlango wa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, bingwa wangu. Kuna nini?"

"Mwalimu, Jumatano sikufika zahanati. Alhamisi pia sikufika. Zile namba nilizitunga."

Mwalimu Qamara alivua miwani. Hakupaza sauti, na Bernadina angependa apaze.

"Kwa hiyo jua la kule juu?"

"Sikuliona, Mwalimu. Nilidanganya."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, akainuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Njoo!"

Walikimbia mpaka kwenye jiwe. Mwalimu akapanda, akapiga simu. Ikalia, ikakata. Akapiga tena, sauti ya mashine ikasema namba anayopiga haipatikani. Bernadina alisimama chini ya jiwe, mikono kifuani, ukungu ukimlowesha kope. Saa tisa kasoro dakika kumi. Saa tisa kasoro tano. Mwalimu akanyoosha mkono hewani, akitafuta mtandao kwa kujipinda huku na huku, na siku nyingine watoto wangemcheka.

"Haloo! Nesi Philomena! Unanisikia? Usiondoke!"

Kutoka kwenye simu ilisikika honi ya gari na sauti ya nesi: "Mwalimu, tumeshapanda! Mtungi nimeuacha dukani kama ulivyosema!"

"Shukeni mkauchukue! Zile namba za Jumatano na Alhamisi si za kweli!"

Bernadina alifikiri mtandao umekatika. Kisha nesi akauliza, taratibu, "Nani kasema?"

Mwalimu Qamara akainama, akamkabidhi Bernadina simu. Ilikuwa adhabu nzito kuliko fimbo yoyote.

"Shikamoo, nesi. Ni mimi, Bernadina. Sikupima. Nilitunga."

Ikasikika pumzi ndefu. Halafu nesi akamwambia mtu mwingine, "Dereva, zima gari," na simu ikakatika.

Waliporudi ofisini Mwalimu Qamara alichukua kalamu nyekundu, akafuta thelathini na kuandika sifuri. "Alama ya juu ni ya Vicent," alisema. "Jumatatu utamwambia mbele ya darasa kwa nini. Mama yako utamweleza leo, kabla sijamweleza mimi."

Alimweleza. Mama Lucia alikuwa anamnyonyesha Bura. Alisema tu, "Nilikuuliza, Bernadina. Nilikuuliza hapahapa, karibu na moto." Bernadina akalia.

Jumatatu alisimama darasani akamwomba Vicent radhi. Vicent alitikisa kichwa kukubali, kisha, kwa kuwa naye ni mtu, akatabasamu kidogo. Baada ya hapo Bernadina aliruhusiwa kwenda zahanati kumsaidia mama yake kumbeba Bura. Ukungu ulikuwa haujainuka tangu Jumatano.

Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Nesi Philomena alimwona Bernadina, akamwita kwa kidole mpaka chumba cha majokofu. Mwalimu Qamara alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni. Kwenye kifaa cha umeme taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nesi akafungua jokofu jipya.

"Tia mkono."

Bernadina akaingiza mkono. Chupa za maji zilikuwa vuguvugu, na kwenye sakafu palikuwa na kidimbwi.

"Ijumaa niliporudi lilikuwa linaunguruma vizuri," nesi alisema. "Ningeapa kwamba umeme upo. Jumapili asubuhi nimelikuta limekufa." Akafungua jokofu la gesi, na hewa baridi ikawagusa uso. Chanjo zilikuwa zimepangwa kwenye trei zake, nzima.

Hapo sauti ya nesi ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeogopa kweli. "Ungeniletea namba ndogo, ningebeba gesi. Ungeniletea daftari lenye nafasi tupu, ningeuliza, na ningebeba gesi vilevile. Kutojua hakujawahi kunishinda, mwanangu. Kilichotaka kunishinda ni kuambiwa kwamba tunajua. Anayepima ndiye macho ya wenzake. Asipotazama, wote tunaomtegemea tunakuwa vipofu, na tunatembea kwa kujiamini."

"Na Ijumaa ulikuja kabla gari halijaondoka," Mwalimu Qamara akaongeza. "Hilo halirudishi alama zako. Lakini limeokoa hizi chanjo, na sitalisahau."

Bura alichomwa sindano saa tano. Alipiga kelele zilizofika ng'ambo ya bonde, akamshika dada yake nywele na kuzivuta kwa hasira zake zote. Bernadina hakuitoa mikono yake.

Jioni, wengine walipokwisha kuondoka, alibaki zahanati mpaka jua, huko lilikokuwa limejificha, likazama. Akafungua daftari ukurasa mpya, akalichora jedwali upya. Kwenye mstari wa Jumatano na wa Alhamisi aliandika neno moja moja: sikupima. Halafu akasogeza uso kwenye kifaa, akasoma, akafuta kioo kwa kiganja, akasoma tena. Akaandika: Jumatatu, nukta tatu.

Mwalimu Qamara, aliyekuwa anamsubiri wavuke bonde pamoja, alitazama ile namba juu ya miwani.

"Uliona, au ulidhani?"

"Nimeona, Mwalimu," alisema Bernadina. "Njoo uone na wewe, kabla hakijajifuta."