Bakuli la Mwandeo

Bakuli la kaure halikuwepo. Palibaki tundu la mviringo tu, ubavuni mwa kaburi la mnara, na vumbi la chokaa limemwagika chini.

Inspekta Boga alilitazama tundu lile, damu ikampanda. Alikuwa mzaliwa wa Munje, nusu saa kwa miguu kutoka magofu haya ya Mwandeo. Utotoni mama yake alimleta hapa kila Maulidi kufagia makaburi, na alimkataza hata kulinyooshea kidole bakuli lile la buluu. Miaka mitano tangu uhuru, sasa gari za hoteli za Diani zilileta Wazungu na kaptura zao kulipiga picha. Na leo hii, Jumatano, saa nne ya asubuhi, limekwenda. Watu hawa hawana haya!

"Nani aliyeona kwanza?" aliuliza.

"Mimi, mwanangu."

Boga aligeuka. Alikuwa Mwanaima, mjane wa nyumba ya kwanza nje ya ukuta wa magofu. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake katika vijiji vyote vya pale. Mwaka jana alimwosha mama yake Boga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari ya hoteli ilikuwa hapa. Ilipoondoka tu, nikaona tundu. Nikapiga ukelele."

"Dereva ni nani?"

"Yule Garama. Yule wa Taru." Alilitaja jina lile kama mtu anayetema mbegu.

Hawakungoja sana. Koplo Dzombo aliisimamisha Kombi ile kwenye njia panda, na chini ya kiti cha dereva akakuta furushi la kitambaa cheupe. Boga alifunua pembe moja tu. Rangi ya buluu ilimtosha.

Garama alisimama kando ya gari, fulana ya hoteli imemlowa jasho.

"Hili nini?"

"Sijui, afande. Wallahi sijui."

"Wewe Mkristo, wallahi ya nini? Ulilitoa saa ngapi?"

"Sikulitoa! Tulipofika halikuwepo. Waulize wageni wangu!"

"Wageni wako hawajui hata waliletwa kuona nini."

"Afande, mimi nina watoto..."

Kofi lilimkatiza. Lilikuwa kofi la mkono wazi, na Boga mwenyewe hakujua limetoka saa ngapi. Wale Wazungu wanne walishtuka ndani ya Kombi. Mmoja aliinua kamera, kisha akaishusha.

Saa nane mchana hoteli ilipiga simu kituoni: Garama amefutwa kazi, na hawataki kusikia habari zake. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani. Furushi limekutwa chini ya kiti chake, shahidi yupo, kaburi limevunjwa. Hakimu gani angemsikiliza?

Boga alivuta karatasi ili aandike maelezo ya kizibiti. Hapo ndipo alipolitazama furushi vizuri kwa mara ya kwanza.

Kitambaa kilikuwa bafta mpya. Hakikukatwa kwa mkasi, kilichanwa kwa mkono. Kilifungwa mara tatu, juu, katikati na chini, kwa tepe zilizochanwa pembeni mwa bafta ile ile. Alivuta ncha moja, na fundo likafunguka mara moja.

Mkono wa Boga ulisimama.

Mwaka jana aliteremka kaburini, akapiga magoti mwanandani, akamfungulia mama yake sanda. Mafundo matatu. Kila moja lilifunguka kwa kuvutwa mara moja, maana hufungwa kwa ajili ya kufunguliwa. Aliinamisha uso juu ya bafta, akanusa. Kafuri, ile ya maiti. Ndani, bakuli lilikuwa limezungushiwa pamba.

"Mjinga mimi!" alijisemea kwa sauti. "Mjinga mkubwa! Nimempiga mtu bila kutazama."

Aliteremka korokoroni. Shavu la Garama lilikuwa limevimba.

"Garama, umewahi kuona maiti ya Kiislamu ikivishwa sanda?"

"Hapana, afande. Sisi kwetu tunazika kwa jeneza. Kwa nini?"

Boga alirudi juu. Alipita dukani, akanunua bafta yadi mbili, akamwambia Dzombo awashe Landrova.

Mwanaima alikuwa barazani akisuka ukili. Boga alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akaulizwa habari za watoto. Kisha akaliweka bakuli juu ya jamvi.

"Mama, nalipeleka mahakamani kesho. Naogopa litavunjika njiani. Nifungie."

Akampa ile bafta.

Mwanaima alilipokea bakuli kwa mikono miwili, midomo ikichezacheza kwa dua. Alikunja kitambaa upande wa kulia, akakunja wa kushoto. Alikamata ukingo kwa meno, akachana tepe ya kwanza, akafunga juu. Akachana ya pili, akafunga katikati. Akachana ya tatu.

Hapo alisita. Alilitazama furushi lililokuwa mapajani mwake.

"Malizia, mama," Boga alisema. "Bado la miguuni."

Kuku walikuwa wakiparua uani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu saa nane. Ulilitoa lini?"

"Alfajiri. Kwa kisu cha jikoni. Chokaa imezeeka, halikunisumbua."

"Na ukalitia garini?"

"Walipoingia msikiti wa magofu kupiga picha. Mlango wa gari ulikuwa wazi."

"Kwa nini? Kwa nini, mama? Mtoto wa watu kesho alikuwa anakwenda jela!"

"Aende!" Mwanaima alisimama wima, ukili ukaanguka. "Aende, tena akae! Unapajua nyuma ya mnara, penye mawe saba? Mwanangu yuko pale. Alikuwa na miaka mitatu. Jumapili iliyopita huyo Garama alitandika blanketi juu ya mawe yale, Wazungu wakakaa, wakanywa pombe zao. Nikamwendea. Nikamwambia kwa adabu, hapo pana mtu. Akacheka! Akawaambia neno kwa lugha yao, nao wakacheka, wakanipiga picha. Mmoja alizima sigara baina ya mawe. Baina ya mawe, Boga!"

"Ungekuja kwangu."

"Mje mfanye nini? Barabara ya kuwaletea Wazungu mmeisawazisha. Makaburi yetu nani kayatazama? Nikasema, bakuli likiondoka, hawatakuwa na cha kuja kutazama. Na aliyewaleta ataondoka nalo."

Boga alilibeba furushi, akamfungulia mlango wa Landrova. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado kifuani, ila hakujua tena aielekeze wapi.

Kituoni alimtoa Garama korokoroni, akamweleza kila kitu mbele ya Mwanaima.

"Nilikupiga bila haki," alimaliza. "Niwie radhi. Sasa nijibu. Ni kweli alikwambia pana mtu?"

Garama aliinamisha kichwa. "Aliniambia, afande. Lakini wageni walikuwa wameshaketi. Ningewainua vipi? Hoteli ingenifukuza siku ile ile."

"Walikuwa wameshaketi," Mwanaima alirudia.

"Kazi yenyewe imekwenda, mama. Nina watoto wanne Taru. Ungeniacha nifungwe kweli?"

"Ningekuacha."

Garama alilishika shavu lake.

"Basi nitarudi pale," alisema mwishowe. "Nitaweka ubao, watu wajue wasikae. Jina lake nani?"

Mwanaima alimkazia macho.

"Jina la mwanangu si la kutembezea wageni."

Kisha akamgeukia Boga, akanyoosha mikono yake miwili, ile ile iliyomwosha mama yake Boga. Boga alizichukua pingu mezani, akasimama nazo, akazirudisha.

"Koplo," aliita, akatazama ukutani. "Njoo umtie wewe."