Waya wa Nyuma ya Vitufe

Kila asubuhi Maswali alisoma joto kwenye kioo cha mashine ya kuangulia mayai, kisha akamtajia mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani, maana mdomo wake hautulii: kila kitu kwake ni "kwa nini?" Lakini Jumamosi hii alikaa kimya, na hilo peke yake lilitosha kumshtua Mama.

Kioo kilikuwa cheusi. Ndani mlikuwa na mayai mia mbili, yamebakiza siku mbili tu yaanguliwe, na mashine ilikuwa inapoa.

"Jamani, jasho langu lote!" Mama alishika kichwa. Alitoa yai moja, akaligusisha kwenye kope. "Bado lina uvuguvugu. Kamwite fundi, kimbia!"

Maswali alikimbia, roho mkononi. Alijua fika alichofanya. Mama alipokwenda bombani alfajiri, yeye alichomoa plagi, akafungua skrubu mbili ili aone vitufe vya chini ya kioo vinaongeaje na mashine. Waya mmoja mwembamba, bapa, ukachomoka. Aliusukuma ndani haraka haraka, akafunga, akarudisha plagi. Wapi! Kioo hakikuwaka.

Fundi alifika, akafungua mgongo wa mashine na kupima. "Umeme unaingia. Basi itakuwa bodi kuu, hii inayowasha moto. Naenda nayo karakana, nitairudisha kesho."

"Kesho? Vifaranga si watakuwa wameshakufa, fundi!" Mama alidakia.

Fundi alichomoa plagi, bisibisi ikaanza kuzunguka. Skrubu ya kwanza ikatoka, kisha ya pili. Maswali akisema, leo atakiona cha mtema kuni. Asiposema, je?

"Si bodi!" alipayuka. "Ni mimi! Nilifungua pale mbele, waya wa vitufe ukachomoka."

Mama alimkodolea macho. Fundi akafungua upande wa vitufe. "Kumbe! Waya umeingia upande. Sikiliza, binti. Vitufe havipashi yai joto. Ukibonyeza, vinatuma ujumbe kwa waya huu mpaka kwenye bodi kuu, nayo ndiyo inayowasha moto. Hata kioo kinapata umeme kwa waya huu huu. Isiposikia lolote kutoka huku, inazima moto kabisa, isije ikaunguza mayai."

Aliuchomeka sawasawa, akarudisha skrubu na plagi. Kioo kikawaka: nyuzi thelathini na moja. Walisimama wote watatu wakikitazama. Thelathini na nne. Thelathini na saba. Mama alitoa yai, akaliweka sikioni, akasikiliza.

"Analia," alisema, machozi yakimtoka. "Kifaranga analia humu ndani."

"Nisamehe, Mama."

"Kwa kufungua mashine bila ruhusa, utafagia banda mwezi mzima, wala usinitazame hivyo. Lakini ukiharibu kitu, mwanangu, sema papo hapo. Sisi tulikuwa tunang'oa bodi nzima isiyo na kosa, na mwenye habari amesimama hapa hapa, kimya."