Mfunga Mkia Hampiti Mtu

Jioni ile nilitumwa betri tu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake, anabofyabofya taa ya nyuma, haiwaki. Akaniambia nishuke dukani upesi kabla giza halijaingia, maana bila taa nyekundu hawezi kufunga mkia. Nikamtania.

"Kwa mwendo wako ule, nani atakugonga? Magari yenyewe yatachoka kukungoja."

Akanichapa begani na glavu. "Nenda huko. Na ukianguka leo usiniite. Niite ukishasimama."

Nilishuka ngazi nikicheka. Betri nilizipata, taa ikawaka. Mpaka leo natamani duka lile lingekuwa limefungwa.

Tulikuwa wawili tu katika nchi ile ya watu, mimi na yeye, kwenye vyumba viwili juu ya duka la rangi. Dada ndiye aliyetangulia. Alipata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwalea, akajibana miaka, kisha akanivuta na mimi. Nilifanya kazi sehemu ya kufulia ya hospitali kubwa. Mashuka meupe yenye mstari wa bluu pembeni, kutwa nzima: kufua, kukausha, kupiga pasi, kukunja. Nikifumba macho nauona ule mstari.

Kila Jumapili jioni mama alipiga simu kutoka nyumbani, na hakukata bila kusema neno lake lile lile: "Msiachane huko." Mimi nilikuwa narusha salamu na habari kwa pamoja, mama analalamika kwamba ugenini pamenimaliza adabu. Dada alikuwa mwingine. Alisema "Shikamoo mama", akanyamaza, akangoja mama aitikie ndipo aendelee. Simu ikikatika katikati, alianza upya na shikamoo, akangoja tena.

Sasa, kulikuwa na kikundi cha watu wa kwetu waliotawanyika mji mzima. Mara moja kwa mwezi tulikutana na baiskeli zetu, tukauvuka mji kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tukamalizia kwa chai nyumbani kwa mmoja wetu. Siku hiyo zamu ya chai ilikuwa yetu. Kiongozi alikuwa fundi bomba mmoja tuliyemwita Filimbi, kwa sababu ya ile aliyoining'iniza shingoni na kuipuliza hata pasipo na haja.

Filimbi alikuwa na utaratibu wake. Akifika kwenye kona, anamwacha mtu mmoja hapo, anyooshe mkono kuelekeza, ili walio nyuma wasipotee. Mtu huyo haondoki na hashushi mkono mpaka mfunga mkia apite. Mfunga mkia ndiye wa mwisho kabisa, mwenye kizibao cha njano kinachong'aa, na yeye hampiti mtu. Mtu akisimama kufunga kamba za viatu, anasimama naye. Mtu akichoka akatembea, anatembea naye.

"Mfunga mkia hampiti mtu," Filimbi alimkumbusha Dada tulipokuwa tunaondoka.

"Nimesikia, kaka. Hata awe konokono."

Kazi ile ilimfaa. Dada ni mtu wa kufunga mlango, kushuka ngazi, kisha kurudi kujaribu kitasa.

Tuliondoka jua likizama. Tukapita barabara pana yenye maduka ya nguo, wauzaji wanavuta chini milango ya chuma. Tukapita chini ya daraja la treni, kila mtu akapiga kengele ili asikie mwangwi, tukacheka kama watoto. Mvua nyepesi ikaanza. Msururu ukarefuka, wengine wakaanza kulalamikia magoti. Tukaingia mtaa wa nyuma wa hospitali yangu, na Filimbi akaninyooshea kidole.

"Wewe baki hapa. Kona ya mwisho. Elekeza kushoto, wanyooshe moja kwa moja hadi kwenu."

Naijua kona ile. Geti la nyuma la hospitali liko mtaa huohuo, kabla ya kona. Ndilo tunalotolea mikokoteni ya mashuka, na ndilo wenzetu wa mochwari wanalotumia pia. Sikupapenda. Lakini hata dakika chache nitashindwa? Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikanyoosha mkono.

Wakapita. Mwenye saluni akaniambia nimlindie kikombe kikubwa. Mzee wa bustani akapita anahema. Mume na mke wakapita wananuniana. Nilikuwa namjua kila mmoja. Kila aliyeuliza "Ni huku?" nilimjibu "Ni huku, nyoosha tu."

Kisha pakawa kimya kidogo. Mbali, mwisho wa mtaa, nikaona kinjano cha Dada.

Wakaja wengine.

Nilidhani ni waendesha baiskeli wa mji, wamejipenyeza. Mmoja. Wa pili nyuma yake. Wengine... Walikuja polepole, hawazungumzi. Nikagundua kwamba sisikii minyororo. Sisikii matairi kwenye maji. Baiskeli zilipita mbele yangu na mtaa ukabaki kimya kama hakuna kitu.

Halafu harufu. Dawa, na nguo iliyokunjwa mbichi. Naijua harufu ile, nairudisha nyumbani kila siku kwenye nywele zangu.

Nikawatazama vizuri. Walikuwa wamejitanda mashuka mabegani.

Meupe. Yenye mstari wa bluu.

Mmoja akapunguza mwendo alipofika kwangu. Alikuwa fundi cherehani wetu, mtu wa kwetu, aliyekuwa akishona mashuka yaliyochanika pale kazini, meza yake karibu na pasi yangu. Alikufa miezi mingi nyuma. Ndugu zake wa kumchukua mochwari hawakupatikana, na sisi tulisema tutafuatilia, tukasema tena tutafuatilia...

Akautazama mkono wangu. Akanong'ona:

"Ni huku?"

Na mimi, kwa woga, kwa mazoea, mdomo ukajibu wenyewe.

"Ni huku. Nyoosha tu."

Akatabasamu, akapinda kushoto. Waliokuwa nyuma yake wakaongeza mwendo. Na kila nilipotazama, geti la nyuma la hospitali lilikuwa wazi, na mwingine anatoka, anaingia kwenye msururu taratibu, mbele ya kile kinjano cha mbali. Kinjano hakikusogea mbele. Kila mmoja aliyeingia alikirudisha nyuma.

Nikatoa simu kwa mkono wa kushoto.

"Dada, uko wapi?"

"Niko nyuma yao." Alikuwa ananong'ona.

"Nyuma ya nani?"

"Siwajui, mdogo wangu. Mmoja alitoka pembeni, nikadhani ni wa kwetu amechelewa, nikampisha. Akaja mwingine. Hawaishi..."

"Wapite! Achana na Filimbi na mambo yake, wapite uje!"

"Nilijaribu. Nilimkaribia yule wa mwisho. Akageuka. Akaniambia, karibu dada, tukupishe uingie katikati."

Nilitaka kukimbia kumfuata. Nasema kweli, nilitaka. Lakini msururu ulijaza mtaa ukuta hadi ukuta, na ili nimfikie ningelazimika kupita kati yao. Nilinyanyua mguu, mguu ukakataa.

"Usishushe mkono," alisema. "Nauona kwa mbali. Huo ndio ninaoufuata."

Simu ikakatika.

Nikasimama. Mvua ikanilowesha hadi ndani, mkono ukafa ganzi, nikaushikilia kwa mkono mwingine. Wakaendelea kupita. Ni huku? Ni huku. Ni huku? Ni huku, nyoosha. Nilikuwa nalia wakati huo, na sikuona haya.

Kitu kikanikamata begani.

"Wewe! Unampungia nani hapa peke yako?"

Alikuwa Filimbi. Alikuwa amesimama katikati ya barabara na baiskeli yake, na wao wanampita kulia na kushoto, haoni.

"Namsubiri Dada. Bado hajapita."

"Dada yako kafika zamani, yuko jikoni kwenu. Ndiye aliyenituma nikuchukue. Hebu twende, utaugua bure."

"Filimbi, usinigu..."

Akaushika mkono wangu, akaushusha.

Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Ulianguka tu.

Wote wakasimama. Mtaa mzima. Vichwa vikanigeukia, kisha baiskeli nazo zikageuka, moja baada ya nyingine, zikatazama zilikotoka. Na kule mbali, kile kinjano kikazimika.

Filimbi alinivuta hadi nyumbani. Mlango wetu ulikuwa wazi. Dada hajawahi kuacha mlango wazi. Watu wamejaa sebuleni, wana vikombe, wanaulizana nilipotelea wapi. Dada alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti changu, bado amevaa kizibao cha njano, maji yanamdondoka sakafuni. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Baiskeli yako iko wapi?" nilimuuliza.

Alitabasamu tu.

Hapo mama akapiga simu. Jumapili, saa yake ileile. Nikaweka sauti ya juu. Mama akauliza habari, kisha akasema nimpe dada yangu. Nikasogeza simu kwenye uso ule.

Mama alingoja shikamoo yake. Nasi tulingoja.

"Mwanangu?" mama akaita. "Hujambo?"

Yule aliyekaa kwenye kiti changu akainamia simu, na kwa sauti ya Dada, akasema:

"Marahaba."

Nilisikia pumzi ya mama. Kisha akanong'ona, kwa haraka.

"Toka humo ndani. Watoe na wageni. Huyo anaitikia kama mkubwa wangu, na wakubwa zangu wote nimeshawazika."

Nilipiga kelele. Nilimshika Filimbi, nikawasukuma watu ngazini, chai inamwagika, wote wakiamini nimechanganyikiwa. Tuliporudi juu na wanaume wawili wenye ujasiri, jikoni hapakuwa na mtu. Kizibao cha njano kilikuwa kwenye kiti, kimelowa, kimekunjwa vizuri. Kimekunjwa vile tunavyokunja sisi kazini.

Askari walimtafuta. Baiskeli yake waliikuta imelazwa nyuma ya hospitali, taa nyekundu bado inawaka kwa zile betri zangu. Yeye hawakumwona. Filimbi aliapa kwamba alimwona akifika, akamsalimia, akampa kikombe. Mwenye saluni naye aliapa. Mtu wa mochwari, nilipomfuata na kumbana, alinieleza kidogo tu. Alisema humo ndani wapo wengi wa kutoka mbali ambao ndugu zao hawakuja kuwachukua, na kwamba yeye hupita geti lile bila kunyoosha mkono, hata kuita gari. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ana kazi nyingi, akafunga mlango.

Niliendelea kwenda pale konani kila nikitoka kazini. Nilinyoosha mkono hadi ukafa ganzi. Watu walinipita wakidhani ni ukichaa. Hakuja mtu. Walikuwa wameshageuka, na mimi nilishindwa kuelewa maana yake. Msururu ukigeuka, aliyekuwa wa mwisho ndiye anayekuwa wa kwanza. Na wa kwanza ndiye anayewaongoza wengine.

Nilielewa jana.

Haikuwa Jumapili, lakini mama alipiga. Jioni, giza linaanza kuingia. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu siku ile.

"Mwanangu, yupo hapa nje!"

"Nani, mama?"

"Dada yako! Nimesikia kengele ya baiskeli, nikachungulia dirishani. Amechoka, masikini, miguu vumbi tupu. Safari hii ni yeye mwenyewe. Amesema shikamoo mama, akanyamaza. Anangoja niitikie. Mwanangu si ndivyo alivyo?"

Nililia kwa furaha. Nakiri hivyo. Kwa pumzi moja nilifurahi kabisa.

"Yuko peke yake, mama?"

"Hapana, kaja na wenzake. Wengi, sioni mwisho wao, wamejaa hadi barabarani. Wote na baiskeli. Wamejitanda vitambaa vyeupe, labda ni baridi." Akacheka kidogo. "Vijana wa watu, wako mbali na mama zao. Mwenyewe amesimama mbele, anawaonyesha mlango kwa mkono. Niwafungulie?"

Niseme nini? Niseme usifungue, na Dada ndiye aliyesimama hapo, baada ya njia yote ile? Niseme fungua?

"Mama... ngoja kwanza..."

"Nimewaweka sana nje," mama alisema.

Nikasikia komeo.

"Marahaba, mwanangu," nikamsikia akisema, na sauti yake ikavunjika. "Marahaba. Karibu ndani."

Kisha: "Marahaba na wewe, baba. Pita."

Kisha: "Marahaba. Marahaba. Piteni."

Niliita. Nilipiga kelele kwenye simu hadi jirani akagonga ukuta. Hakunisikia, au simu aliishika tu mkononi. Hapakuwa na mlio wa matairi wala wa miguu. Palikuwa na mama peke yake, anaitikia. Mwanzoni kwa furaha. Baadaye kwa uchovu. Halafu kwa sauti ndogo, ya mtu anayerudi nyuma hadi ukutani kwa kukosa nafasi.

"Marahaba... marahaba... mwanangu, wako wangapi hawa... marahaba..."

Simu yangu iliishiwa chaji akiwa bado anaitikia.