Kitanda cha Juu, Karama

"Nani huyu anayekutandikia kitanda?"

Shibu alikuwa anavaa soksi. Mguu ukabaki hewani.

"Kitanda gani tena?"

"Usinijibu swali kwa swali! Nakusomea, sikiliza. 'Kitanda kiko tayari. Pazia jipya nimefunga. Njoo Jumapili baada ya misa uchukue ufunguo. Uje peke yako.' Baada ya misa, Shibu! Hata Mungu hamumwonei haya?"

"Jincy, nipe simu yangu."

"Sikupi."

"Mama Merin, nakuomba..."

"Mama Merin mwache kwanza. Huyo mwanamke anaitwa nani?"

Mimi si mwanamke wa kupekua simu za watu, haki ya Mungu. Miaka tisa niko Sharjah, huku Ghuba, ghorofa ya saba, simu ya mume wangu inalia mezani na siigusi. Siku ile yangu ilikuwa imeisha chaji, nikachukua yake kutafuta namba ya muuza maji ya kunywa. Badala ya maji nikakutana na kitanda.

"Si mwanamke," akasema. "Anaitwa Thankachan. Ana masharubu."

"Na anamtandikia nani?"

"Mimi."

"Ukafanye nini huko?"

"Nilale, Jincy. Mtu kitandani anafanya nini? Ni kitanda cha kupanga, kiko mtaa wa Karama, chumba cha watu sita. Mkishaenda nyumbani nahamia huko."

"Kwa likizo ya wiki sita unahama nyumba?"

Macho yake yakaenda kwenye begi lake la kazi, lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango. Mtu ukikaa naye unayajua macho yake. Nikalifuata lile begi, akanyanyuka na soksi moja, nikamuwahi. Ndani mlikuwa na bahasha, na kwenye bahasha tiketi tatu za kwenda kwetu Kochi, tarehe kumi Julai. Yake ilikuwa na tarehe ya kurudi. Yangu na ya Merin zilikuwa za kwenda tu.

Nikazisoma mara mbili. Nikakaa chini.

"Unaturudisha."

"Kampuni imeondoa posho ya nyumba ya familia. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Ungeniambia lini? Ndege ikishapaa?"

"Jincy..."

"Afadhali angekuwa mwanamke!" Nilipiga kelele hadi jirani Sheeba akazima redio. "Mwanamke ningemfuata, ningemvuta nywele, yakaisha! Kitanda nakifanya nini mimi?"

Sikilizeni niwaambie kwa nini niliwaka. Shibu alikuja kunioa kwenye likizo ya siku ishirini na nane. Siku ya tisa tukaonana, siku ya kumi na saba tukafunga ndoa, siku ya ishirini na nane nikampungia mkono uwanja wa ndege, hina mkononi haijafutika. Baada ya hapo nikawa mke wa simu miaka minne, nyumbani kwa mama yake, yeye akija likizo tu. Merin alizaliwa baba yake akimtazama kwenye kioo cha simu. Siku alipombeba kwa mara ya kwanza, mtoto alilia kama amebebwa na mwizi.

"Siku tulipofika hapa mimi na Merin, pale uwanjani, uliniambia nini?" nikamuuliza.

"Nilisema hatutaishi tena kwa simu."

"Uliapa."

"Niliapa, ndiyo! Lakini fikiria na wewe. Hapa umeme haukatiki. Hospitali unaingia mgonjwa, unatoka umepona. Unatembea na mtoto saa mbili usiku hakuna wa kukusumbua. Kila tulicho nacho kimetoka hapa. Hata ile nyumba huko kwetu, kila tofali ni joto la hapa. Umenyimwa nini?"

"Sijanyimwa. Jiji zuri, sikatai! Lakini mwanangu ana miaka kumi na moja na akiona mvua anapiga picha. Kila Juni rafiki yake mmoja anahama, analia wiki nzima. Baba yangu nimemzika kwenye simu, na mtandao ukakatika wakati wanamshusha kaburini. Nikavumilia. Unajua kwa nini? Kwa sababu jioni unapiga hodi. Ukiniondolea hicho, hili jiji ni tanuri lenye maduka, silihitaji."

"Basi ndiyo nasema nendeni nyumbani."

"Twende wote!"

"Nikafanye nini?"

"Wewe si fundi wa viyoyozi? Siku hizi huko kwetu kila nyumba ina kiyoyozi, na kila kiyoyozi kinavuja."

Akacheka kicheko kibaya. "Mimi? Nipande ngazi kwa Kuriakose jirani yetu, yeye anakunywa chai chini ananitazama matako? Kuriakose ninayempelekea manukato kila mwaka?"

"Na hapa unapanda ngazi za nani? Za malaika?"

"Hapa hakuna anayenijua."

Hapo sauti ikamshuka. Akavua ile soksi moja, akaikunja.

"Unajua nikifika nyumbani wananiuliza nini, Jincy? Hata viatu sijavua. 'Umekuja lini? Unaondoka lini?' Wote! Padri, muuza samaki, mama yangu mzazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nitakaa. Wanamtaka mtu wa Ghuba mwenye sanduku. Shibu fundi hawana kazi naye."

Nilimwonea huruma, sitasema uongo. Lakini huruma na hasira vilikaa pamoja moyoni, na hasira ndiyo iliyokuwa na mwili mkubwa. Ile nyumba tuliyojenga, makochi yake mpaka leo yana plastiki za dukani. Mama mkwe hakai. Anasema ni ya mwenye nyumba akirudi. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye huyu, anatandikiwa Karama!

Siku tatu hatukusemeshana. Ukitaka kujua udogo wa nyumba yako, nuna.

Jumapili baada ya misa akasema anaenda kumwona mfanyakazi mwenzake. Nikasema sawa, nenda salama. Nikamwacha Merin kwa Sheeba, nikapanda teksi na sari yangu ya kanisani. Yule Thankachan kwenye ujumbe wake alikuwa ameandika mpaka namba ya mlango, Mungu ambariki.

Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ghorofa tatu kwenye joto la Juni, jasho mpaka kwenye nyusi. Nje ya mlango palikuwa na lundo la kandambili. Nikagonga. Akafungua mwanamume wa makamo, shuka kiunoni, mwiko mkononi, na masharubu kweli.

"Dada, umepotea."

"Sijapotea. Nimemfuata mume wangu."

"Mume gani? Dada, wanawake hawaruhusiwi humu! Mlinzi akikuona tunafukuzwa sote!"

"Basi nipishe uufunge mlango asinione."

Nikaingia. Mmoja akajifunika kwa taulo, mwingine akavuta pazia la kitanda chake kama konokono anayerudi ndani. Vitanda vitatu vya deka, nguo zimeanikwa toka ukuta hadi ukuta, harufu ya samaki wa kukaanga. Na Shibu wangu huyo, kasimama kwa vidole vya miguu, ananyoosha shuka kitanda cha juu. Kwapani kabana mto.

"Huo ni mto wangu."

Akageuka kama amemwagiwa maji. "Jincy! Umefikaje hapa?"

"Naulizia mto! Nautafuta tangu juzi. Nimemgombeza Merin bure!"

"Nilitaka..." Akawaangalia wenzake. Wote wakawa wanaangalia sufuria. "Una harufu ya mafuta yako ya nywele."

Jamani. Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga tangu kanisani, na mume wangu anaiba mto ili anuse nywele zangu. Kidogo nilie. Lakini nilijua nikilia pale nimekwisha, nitasindikizwa kwenye teksi na tarehe kumi nitapanda ndege. Nikampokonya ule mto, nikavua viatu, nikaikaza sari, nikakanyaga ngazi ya kile kitanda, nikapanda.

"Jincy, unafanya nini? Shuka!"

"Sishuki."

Dari ilikuwa hapa, juu ya utosi, hata kukaa wima siwezi. Kiyoyozi kinakupulizia sikioni. Ukutani mtu alikuwa amebandika kalenda ya kanisa, na chini yake nyingine, na chini yake nyingine.

"Nani alikuwa analala hapa?"

"Ouseph," Thankachan akajibu. "Amekaa miaka kumi na minne. Alikuja kwa mwaka mmoja."

"Umesikia, Baba Merin?"

"Watu wanatusikiliza, Jincy."

"Wasikilize! Na wao wana wake."

"Kweli kabisa, shemeji," ikatoka sauti nyuma ya pazia.

"Nyamaza wewe, Joby," Thankachan akamkemea.

"Mambo ni mawili tu," nikamwambia Shibu. "Tubaki hapa wote, hata kwa chumba kimoja, mimi nina mshahara wangu wa kliniki. Au turudi wote. Mke wa simu nilishakuwa, sirudii. Ukikitaka hiki kitanda, utanikuta juu yake."

"Chumba kimoja na mtoto wa miaka kumi na moja?"

"Basi nyumbani."

"Nimeshakwambia, nyumbani hakuna anayetaka nikae!"

"Nani kakwambia? Ulimuuliza nani? Mpigie mama yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na uweke sauti ya nje. Siamini tena simu zako."

Thankachan akazima jiko. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni. "Yako ikiwa haina salio, tumia hii, ndugu yangu." Nilimpenda hapo hapo.

Shibu akapiga kwa simu yake. Alikosea kubonyeza mara mbili, na huyu ni mtu anayening'inia ghorofa ya thelathini akifunga mabomba. Mama mkwe akapokea kwa sauti yake ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Shibu! Umekula?"

"Bado, Mama. Tunakuja tarehe kumi."

"Karibuni, mwanangu. Na unaondoka lini?"

Akanitazama kule juu. Unaona, macho yake yaliniambia, si nilikwambia? Mimi nikakumbatia mto wangu.

"Siondoki, Mama," akasema. "Narudi moja kwa moja."

Pazia la Joby likafunguka kidogo.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, Mama."

"Unaumwa, unanificha?"

"Siumwi."

"Jincy amekuacha?"

"Bado, Mama!" nikajibu kutoka juu.

Tukasikia mama anavuta pumzi, kisha anapenga kamasi kwenye nguo.

"Mama? Unalia? Kama itakuwa shida kwa majirani, nitakuwa fundi tu, nitapanda ngazi..."

"Majirani wanihusu nini mimi? Nina miaka sabini na moja, Shibu. Kila ukija nakuuliza unaondoka lini, nijue nina siku ngapi za kukupikia samaki. Unadhani napenda kuuliza?"

Shibu akageukia ukuta. Mabega yakaanza kumcheza. Na mimi, yale machozi niliyoyabana tangu mlangoni yakaja yote.

"Haya, kata simu," mama akasema. "Acha nikatoe yale maplastiki kwenye makochi. Na hicho kiyoyozi ulichonifungia kinanidondoshea maji kitandani tangu Pasaka. Nilikuwa namsubiri mtu."

Simu ikakatika. Shibu akajifuta uso kwa shuka jipya, akaja chini ya kitanda, akainua mikono miwili.

"Shuka basi."

"Tiketi yako utaibadilisha?"

"Kesho asubuhi."

"Leo."

"Leo, Jincy. Shuka, mke wangu, utavunja ngazi ya watu."

Nikashuka mikononi mwake na mto wangu, sari imenasa kwenye msumari, nywele zimevurugika. Hakuniachia haraka. Mbele ya wanaume watano, mtu ambaye hata barabarani hanishiki mkono, akanikumbatia na jasho lake lote, nami sikumkatalia.

Nyuma ya pazia Joby akakohoa.

"Samahani, shemeji," akasema. "Kwa hiyo hicho kitanda kiko wazi? Binamu yangu anafika Jumanne. Anakuja kwa mwaka mmoja tu."