Aliyevisoma Kweli

Jumanne asubuhi, mkutubi alipokuwa akipanga Meza ya Vijana, aliona kadi moja ina maandishi ambayo hakuyaandika yeye.

Meza ile ilikuwa fahari yake. Ilikaa mlangoni mwa maktaba, vitabu ishirini vya hadithi vimesimamishwa wima, kila kimoja na kadi yake: mistari mitatu ya kukisifu, kisha muhuri wa wino wa bluu aliouchongesha kwa hiari yake, NIMEKISOMA. Wanafunzi wa sekondari waliuamini muhuri ule kuliko walivyowaamini walimu wao. Mpenda vita alielekezwa kwenye vita, mpenda mapenzi kwenye mapenzi, na mwoga wa vitabu vinene alipewa chembamba, akapigwapigwa bega na kuambiwa akikimaliza arudi.

Sasa tusifichane. Mkutubi alikuwa hajasoma kitabu kizima kwa miaka tisa. Tangu mumewe alipojiondokea na kumwachia mtoto wa miaka sita, alikuwa anasoma jalada la nyuma, ukurasa wa kwanza, na akipata nafasi, aya ya mwisho. Kwa hayo machache alitia chumvi, akagonga muhuri, akaenda zake. Wala hakuona kosa. Watoto walikuwa wanasoma, maktaba ilikuwa inajaa, nani kaumia?

Kwenye kadi ile, chini ya muhuri, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa rangi ya kutu: *Huyu hajakisoma. Mimi nimekisoma. Usiruke ukurasa wa arobaini na moja.*

Wino ulikuwa mbichi. Maktaba ilikuwa haijafunguliwa, na funguo zote alikuwa nazo yeye. Alipoisogeza kadi puani alisikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Watoto wa siku hizi wana mambo," alijisemea, akaichana.

Siku ya Ijumaa zote ishirini zilikuwa zimeandikwa. Mfagizi, mwanamke mtu mzima aliyeanza kazi pale kabla yake, alizitazama kwa mbali, ufagio kifuani.

"Mimi jana nimefunga dirisha hilo kwa mkono wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye meza hapakuwa na kitu."

"Basi ni mzaha wa mtu."

"Mzaha haunuki hivi, dada."

Mkutubi alizichana zote na kuandika mpya. Jumatatu zikarudi vilevile. Lililomuuma zaidi, kuliko hata hofu, ni kwamba vijana walizipenda. Walisukumana mezani wakisoma wino ule wa kutu, wakiambiana kwamba mkutubi safari hii kaamua kusema kweli. Kitabu ambacho kwa mwaka mzima hakikuazimwa kikawa na watu tisa wanaokisubiri, kwa sababu tu kadi ilisema: *Mwanzo unachosha. Vumilia. Mama wa huyu kijana anajua kila kitu.* Yeye mwenyewe hakujua kuwa kwenye kitabu hicho kuna mama.

Alikuwa na binti, kila mtu akimwita Miwani kwa sababu ya miwani mizito aliyoivaa tangu chekechea. Sasa ana miaka kumi na mitano, na ndiye msomaji wa kwanza wa meza ile. Kila alipotoka shule alikaa na mama yake nyuma ya kaunta, akitaka kitu kimoja tu duniani, kuzungumza juu ya alichosoma.

"Mama, pale yule msichana anapomnyang'anya mdogo wake baiskeli, wewe uliona anakosea?"

"Kitabu kile! Kiliniumiza sana, mwanangu. Nililia."

"Ulilia kweli?"

"Nililia. Hebu nipitishie hiyo gundi."

Ndivyo walivyokwenda, kitabu baada ya kitabu, mtoto akiuliza na mama akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha maswali yakakoma. Mkutubi alidhani binti kakua, ana marafiki zake, akashukuru Mungu kupumua. Hakujiuliza yalikoma tangu lini. Kama angehesabu, angegundua yalikoma wiki ileile kadi zilipoanza kuandikwa.

Shule zilipofungwa, Miwani alishinda maktaba kutwa. Siku moja, saa saba mchana, milango imefungwa kwa ajili ya chakula, mkutubi alirudi ndani kuchukua mwavuli. Jua lilikuwa linawaka nje, lakini chumba cha kusomea kilikuwa na baridi ya kisima. Alisikia karatasi zikifunuliwa. Akasikia binti yake akicheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa swali alilotamani kuulizwa, na baada ya kicheko akasikia sauti ya pili ikimjibu, sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, kavu, ya taratibu, inayotamka kila neno kama mtu anayelisoma mahali, na alipokuwa anasogea akijishika ukutani, ile harufu ya nywele zilizoungua ikimjaa kooni, aliona kupitia upenyo wa mlango kwamba miwani ya mwanawe imewekwa mezani, kwamba macho ya mwanawe yametulia tuli hayafuati mstari wowote ilhali kurasa zinajifunua zenyewe mbele yake, na kwamba upande wa pili wa meza kitabu kingine kimesimama hewani, kimefunguliwa, juu ya kiti ambacho mto wake umedidimia kwa uzito wa mtu asiyeonekana.

Kitabu kile kikafungwa taratibu, kikalazwa mezani.

"Unaongea na nani?" alinong'ona.

Miwani aligeuka. Uso ulikuwa umemkauka, midomo imepauka.

"Na rafiki yangu."

"Rafiki gani?"

"Anayesoma," alisema mtoto, akageukia kitabu chake.

Tangu siku hiyo Miwani alikwisha kama sabuni. Hospitali walimpima damu, wakampima kifua, wakampima kila kinachopimika, wakasema hana kitu, ale vizuri. Hakula. Nyumbani alilala ametazama ukuta, lakini asubuhi, awe anaweza kutembea au hawezi, alitaka apelekwe maktaba. Alipozuiwa siku mbili alitokwa na damu puani isiyokatika mpaka wakampeleka. Mkono wake ukawa mwepesi hata mama akiushika anaogopa. Mkutubi alilia kweli safari hii, chooni kwa watumishi, bomba limefunguliwa ili asisikike.

Mfagizi ndiye aliyemleta mganga, Jumapili mchana, maktaba ikiwa imefungwa. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, kabeba beseni kwenye mfuko wa plastiki. Alitazama rafu zilizofika darini, akaguna.

"Mimi hata jina langu siwezi kulisoma," alisema. "Afadhali. Huyu hataniweza."

Miwani alikuwa kwenye kiti chake, kaegemezwa kwa mito. Mganga alijaza maji beseni, akaliweka katikati ya meza, akaanza kutamka maneno yake kwa sauti ndogo ya haraka haraka. Maji yakatulia, yakawa meusi. Baridi ikapanda kutoka sakafuni. Kiti cha upande wa pili kikalia mlio wa mbao, na mto wake ukadidimia.

"Toka kwa mtoto huyu," mganga aliamuru.

"Sikuja kwa nguvu," sauti ilijibu, kwa adabu kabisa, na vitabu vyote rafuni vikatikisika. "Niliitwa."

"Nani kakuita?"

Miwani ndiye aliyejibu, kwa shida, akivuta pumzi kati ya maneno.

"Mimi. Siku ile mama kaniambia, zungumza tu, nakusikia, kumbe anabandika lebo. Nikaja huku nikakaa peke yangu. Nikasema, yeyote aliyekisoma kitabu hiki kweli, aje tuzungumze."

Mfagizi alishika mdomo. Mganga alimvuta mkutubi pembeni, akamnong'oneza, na safari hii hapakuwa na utani usoni pake.

"Sikiliza, mwanangu. Kaitwa kwa mdomo wa mtoto, kwa mdomo wa mtoto atatoka. Dua zangu zimemshika tu, haziwezi kumtoa. Huyo haleti ugonjwa, anakula pumzi ya anayezungumza naye, kila neno linalomtoka mtoto linatoka na uhai wake. Mtoto aseme ondoka, neno moja tu, leo hii. Akikataa, mimi sina tena la kufanya, na yeye hamalizi mwezi."

Mkutubi alipiga magoti mbele ya binti yake, akaishika mikono yake miwili. Ilikuwa ya baridi.

"Mwanangu. Mwambie aondoke. Nakuomba."

Miwani alimtazama. Machoni mlikuwa bado na mtoto wake, yuleyule, amechoka tu.

"Nikimfukuza, nitazungumza na nani?"

"Na mimi. Kila siku. Naapa."

"Kweli?"

"Kweli, mama yangu."

Mtoto alikitazama kiti cha upande wa pili, akamrudia mama yake. Alitaka kukubali. Wote waliokuwa chumbani waliona jinsi alivyotaka. Mto wa kiti kile ulianza kuinuka, kidogo kidogo, kama mtu anayejiandaa kuaga.

"Basi niambie kitu," alisema Miwani. "Kile cha msichana mwenye baiskeli. Ulisema ulilia. Ulilia wapi?"

Maji ya beseni yalisikika yakitetema. Mganga, nyuma yake, alinong'ona, "Sema kweli. Chochote kile, sema kweli." Na mkutubi alikuwa nayo kweli, ilikuwa mdomoni, maneno mawili mepesi, sikukisoma, nisamehe, na pengine mtoto angelia, pengine angemchukia mwezi au mwaka, lakini angekuwa hai na kumchukia, ila miaka tisa ya kujibu watoto si jambo dogo, ulimi huzoea njia yake, na macho yale yalikuwa yanamtazama kwa matumaini ambayo hakuweza kuyavunja, akaona jalada la nyuma mbele yake, akaona picha ya barabara na nyumba kwa mbali, akaona aya ya mwisho ambayo labda aliisoma na labda hakuisoma.

"Pale mwisho," alisema. "Alipofika nyumbani."

Mfagizi alifumba macho.

"Hakufika nyumbani," sauti ilisema taratibu kutoka kwenye kiti. Haikumcheka. Ilisema kama anavyosema mtu anayekipenda kitabu na hapendi kikosewe. "Nyumba ilikuwa imeuzwa. Alisimama nje na baiskeli, wageni wakamuuliza anamtafuta nani, akasema amepotea njia."

Miwani aliichomoa mikono yake mikononi mwa mama yake. Hakufanya kwa hasira, na hilo ndilo mkutubi analolikumbuka mpaka leo. Aliichomoa kama mtu anayetoa mkono mfukoni.

"Nikuambie kweli, mwanangu, mimi nilikuwa…" mama alianza, lakini alichelewa. Binti alikuwa amekigeukia kiti, na mto ukadidimia tena, zaidi ya mwanzo.

"Endelea," Miwani aliiambia sauti. "Mimi pale ndipo nilipolia."

Mganga alimwaga maji nje, akalirudisha beseni kwenye mfuko. Mlangoni hakumlaumu mkutubi wala hakumpa pole. Alimwambia tu akae na mtoto siku zilizobaki. Zilikuwa siku kumi na moja.

Walioajiriwa baadaye hawadumu. Wanasema saa saba mchana, milango ikifungwa, chumba cha kusomea kina watu wawili wanaozungumza, mmoja sauti ya msichana. Wanabishana, wanakatana maneno, wanacheka, na harufu inatoka chini ya mlango. Viongozi walitaka kukifunga chumba kile. Mkutubi aliwasihi wasikifunge, akasema atakifagia mwenyewe, kwa kuwa mfagizi alishaacha kazi.

Siku hizi anasoma. Anasoma kwenye basi, anasoma akipika, macho yamemwisha na amenunua miwani. Husimama nje ya mlango ule, sikio kwenye mbao, mpaka ajue wanazungumzia kitabu gani, kisha hukimbilia rafuni kukichukua, na hukisoma chote, tangu neno la kwanza hata la mwisho, bila kuruka hata mstari, usiku na mchana, maana anajua wao hawakai sana kwenye kitabu kimoja. Alipokimaliza cha mwisho ilikuwa Alhamisi. Saa saba alifungua mlango, kitabu kifuani, akasimama kizingitini.

"Nimekisoma," alisema. "Chote. Na pale kwenye ukurasa wa arobaini na moja, mwanangu, pale…"

Sauti mbili zilikuwa zinazungumza. Zikanyamaza kwa pamoja, kama wanavyonyamaza watu wawili akiingia mtu asiyehusika, na zikangoja kwa adabu mpaka alipotoka na kufunga mlango.